Kabla hujapaka rangi Land Rover ya zamani: tusaidiane kutambua kilichotoka nayo kiwandani

#1 Mleta uzi (Arusha)

Wakuu salaam.

Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, Land Rover za zamani zinasakwa kila kona. Zinatolewa mashambani, kwenye misheni, nyuma ya gereji zilizofungwa. Hilo ni jambo jema na mimi nalifurahia. Kinachoniuma ni kinachofuata. Gari linafika gereji Jumatatu. Ikifika Ijumaa siti zimeng'olewa, rangi imesuguliwa yote mpaka bati linang'aa, bamba la namba limetupwa kwenye kopo la skrubu, ndipo mwenye gari anakuja kuuliza, "Jamani, hili lilikuwaje lilipotoka kiwandani?" Hapo ushahidi umeshaondoka na vumbi la msasa.

Nitazungumzia Series II (1958 hadi 1961), IIA (1961 hadi 1971) na III (1971 hadi 1985), kwa kuwa ndizo zilizobaki nyingi huku kwetu. Series I zina mambo yake, zinastahili uzi wao.

Kwanza tuelewane. Kifaa chochote unachokikuta kwenye gari lako kina asili moja kati ya tatu: kilifungwa kiwandani Solihull, Uingereza, kilifungwa na wakala aliyeliuza gari, au kilifungwa baadaye na fundi wa mtaani. Watu wengi hugawa mara mbili tu, "orijino" na "feki", halafu wanagombana bure. Winchi iliyofungwa na wakala wiki ya kwanza si ya kiwandani, lakini si ya kutupa.

Pa kuanzia ni namba ya chesisi. Kwenye Series II na IIA imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Tumia brashi ya waya laini na mafuta ya taa. Usipeleke grainda pale hata kidogo. Namba hiyohiyo iko kwenye bamba ndani ya kebini. Zikitofautiana, acha kila kitu, nenda kwa trafiki na TRA (mamlaka ya mapato) ukajue unamiliki nini kabla hujatoa hata shilingi ya rangi.

Tarakimu tatu za mwanzo ndizo zenye maneno. Kwa IIA ya petroli, 241 hadi 245 ni 88 (gari fupi), 251 hadi 255 ni 109 (gari refu) ya kawaida, 261 hadi 265 ni 109 stesheni wagoni. Kwa Series III ya kabla ya 1980, ya petroli ya silinda nne, 901 hadi 905 ni 88, 911 hadi 915 ni 109, 931 hadi 935 ni 109 stesheni wagoni. Dizeli za Series III zinafuatia palepale: 906 hadi 910, 916 hadi 920, 936 hadi 940.

Ndani ya kila kundi la namba tano mpangilio ni uleule. Ya kwanza ni gari la soko la Uingereza. Ya pili ni la kuuzwa nje, usukani kulia. Ya tatu ni CKD, yaani lilisafirishwa vipandevipande likaungwa nchi nyingine, usukani kulia. Ya nne ni la nje, usukani kushoto. Ya tano ni CKD, usukani kushoto. Kwa hiyo mtu akiniambia gari lake linaanza na 252, najua tayari: 109 ya kawaida, petroli, iliundwa Solihull kwa ajili ya nchi ya nje inayoendesha kushoto mwa barabara. Sijaona hata picha.

Namba hiyo haikwambii siti zilikuwa za aina gani wala kama gari lilikuja na winchi. Inakwambia bodi gani ilipaswa kuwa juu ya chesisi ile, na hapo ndipo maswali mengine yote yanaanzia.

Karibuni. Wekeni tarakimu tatu za mwanzo tu, namba nzima usiweke hadharani.

#2 Mdau wa Moshi

Mkuu asante kwa somo. Swali langu ni hiyo CKD. Kama gari limeungwa Afrika, "kiwandani" inakuwa wapi? Na vifaa vyake tunalinganisha na orodha ya wapi?

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana hilo. Kwa CKD kiwanda ni viwili. Chuma kikubwa, yaani chesisi, injini, gia boksi, difu na paneli za bodi, kimetoka Solihull. Kupaka rangi na kuunganisha kumefanyika huku. Kwa upande wetu kiwanda kinachojulikana zaidi ni kile cha Thika, Leyland Kenya, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1970. Leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Maana yake kwa mtu mwenye gari la Thika ni hii: usichukue kitabu cha rangi cha Uingereza ukalihukumu gari nacho. Rangi iliyo karibu kabisa na bati inaweza isiwemo kwenye kitabu hicho na bado ikawa ndiyo rangi ya kwanza ya gari lako.

#4 Mdau wa Nakuru

Ndugu zangu, naongezea hapo. La kwangu ni 933, stesheni wagoni, na logibuku inasema liliandikishwa Kenya likiwa jipya. Kwa miaka mingi watu walikuwa wananiambia siti si zake kwa sababu vinili yake haifanani na ya magari ya Uingereza. Nikafungua siti moja kwa utaratibu. Fremu ya chuma ni ya Land Rover, matundu yote yako mahali pake, wala hakuna tundu la pili lililotobolewa. Kitambaa peke yake ndicho cha hapa nyumbani, tena hakuna dalili ya kitambaa kingine kilichokuwepo kabla yake, hata uzi uliokatika chini ya pini hakuna. Kwangu hiyo ndiyo siti ya kwanza ya gari hili.

#5 Mleta uzi

Mkuu wa Nakuru, umefanya kama inavyotakiwa. Ushahidi haupo kwenye kitambaa kilicho juu, upo kwenye matundu na mabaki ya chini. Siti ikibadilishwa kitambaa, fundi anaacha pini za zamani, nyuzi, vipande vya sponji ya kwanza. Siti isiyo na mabaki huenda ndiyo ya kwanza.

Nimalizie siti moja kwa moja. IIA nyingi zilikuja na vinili ya kijivu yenye mikunjomikunjo, wapenzi wa magari haya huiita ngozi ya tembo. Series III zikaja na nyeusi. Stesheni wagoni ya 109 ya watu kumi ina siti tatu mbele, tatu katikati, na benchi nyuma zinazotazamana za watu wanne. Ya watu kumi na wawili ina nafasi sita kule nyuma. Hiyo ya kumi na wawili ilianza 1962, na Waingereza waliipenda kwa sababu ya kodi: gari la idadi hiyo ya watu lilihesabiwa kama basi, likakwepa kodi ya manunuzi. Huku kwetu kodi hiyo haikuhusika, kwa hiyo ukikuta ya kumi usidhani wameng'oa siti mbili. Hesabu matundu ya boliti juu ya maboksi ya tairi za nyuma.

#6 Mdau wa Birmingham

Wakuu, niko Uingereza ila nyumbani ni Kigoma. Kwa wenye magari yaliyoundwa Solihull yakiwa kamili (zile namba za pili na za nne kwenye kundi), ipo njia rasmi. Makumbusho ya magari ya British Motor Museum, pale Gaydon, yana vitabu vya kumbukumbu vya kiwanda na hutoa cheti kwa malipo. Cheti hutaja tarehe gari lilipoundwa, lilipotoka kiwandani, lilipelekwa kwa wakala gani au nchi gani, namba ya injini iliyokuwa nayo, na rangi.

Kwa CKD msitegemee makubwa. Kiwanda kiliandika kwamba vipande vimesafirishwa kwenda mahali fulani, lakini rangi hawakuipaka wao, kwa hiyo hawana cha kuandika. Hata kwa magari kamili, kifaa kilichofungwa na wakala baada ya meli kufika hakimo kwenye vitabu vile. Kitu kukosekana kwenye cheti si ushahidi kwamba kimefungwa mtaani.

#7 Mdau wa Iringa

Mleta uzi, mimi ndiye hasa mtu uliyemwelezea. Namba yangu inaanza na 252. Ila gari ni stesheni wagoni, milango mitano, paa la tabaka mbili, siti za nyuma zinazotazamana. Kadi ya gari imeandikwa stesheni wagoni. Taa za mbele ziko kwenye shoo (wavu wa mbele), hazipo kwenye madigadi. Kwa sasa ni jeupe lote. Nimelinunua kwa familia ya mzee mmoja aliyekuwa nalo tangu miaka ya 1980. Fundi anasubiri ruhusa yangu alisugue. Nimemwambia asubiri. Hili ni gari gani?

#8 Mleta uzi

Kaka, mwambie fundi aendelee kusubiri, na umlipe chai ya kusubiri kwake.

Taa kwenye shoo ni sawa kwa IIA ya kabla ya 1969. Mwaka huo ndipo taa zilipohamia kwenye madigadi kwa jumla, ingawa baadhi ya nchi zilizipata mapema kidogo. Kwa hiyo uso wa gari na namba havigombani. Kinachogombana na namba ni bodi. 252 ni 109 ya kawaida, pikapu au boksi la bati. Stesheni wagoni ingekuwa 262.

Nenda kaangalie mambo haya, kisha rudi hapa:

Tangi la mafuta liko wapi? Hiki ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa 109. Gari la kawaida lina tangi chini ya siti ya mbele kulia. Stesheni wagoni tangi liko nyuma, mwisho wa chesisi, kwa sababu chini ya abiria wa katikati panahitajika nafasi ya miguu.

Lala chini ya gari utazame mikono ya chesisi inayobeba bodi, ile inayotoka pembeni. Stesheni wagoni imepangwa tofauti na pikapu kwa sababu hiyohiyo ya nafasi ya miguu. Ukiona mikono iliyochomelewa kwa welding ya mtaani, piga picha ukiweka rula pembeni.

Halafu rangi. Usiguse nje. Fungua kifuniko cha boksi la siti uangalie chini yake. Toa skrubu za paneli ya mita uchungulie nyuma. Tazama nyuma ya bawaba za milango, ya mbele na ya katikati, kila mlango peke yake. Nataka kujua kama rangi ya ndani kabisa ni moja gari zima.

#9 Dada wa Tanga

Naomba niingilie kwenye rangi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Watu wakitaka kujua rangi ya kwanza wanakwangua kwa bisibisi. Bisibisi inararua tabaka zote mara moja, unabaki na mchanganyiko usiosomeka. Chukua msasa laini wa maji, anza na namba 800, sugua duara dogo la ukubwa wa shilingi mahali pasipoonekana. Ukifika tabaka la pili, simama, punguza duara, endelea katikati tu. Mwisho malizia na 1200 ili kingo ziwe safi. Utapata miduara ndani ya miduara, kila rangi na ukanda wake, na tabaka la katikati kabisa ndilo la mwanzo. Piga picha juani, siyo kwa taa ya gereji, taa inapotosha kijani na kijivu.

Tofautisha rangi na praima. Kabla ya rangi ya kiwandani kuna praima, na baadhi ya mafundi wa mtaani nao waliweka praima nyekundu au ya kijivu kati ya rangi na rangi. Ukiona kijivu, kabla hujashangilia kwamba gari lilikuwa Mid Grey, kile kijivu cha kiwandani, angalia kama kina mng'ao ukikipiga maji. Praima haing'ai.

Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini inayoitwa Birmabright, haishiki kutu. Lakini vipande vya pembezoni, vile vya kingo za bodi ya nyuma, ni chuma kilichochovywa zinki, na kwenye magari ya II na IIA viliachwa wazi bila rangi, vina yale maua ya zinki. Mtu anapovipaka rangi ya gari anadhani anasafisha. Mkivikuta vimepakwa, vioshwe kwa dawa ya kutoa rangi, msivisugue na msasa. Zinki ikishaondoka hairudi hivihivi.

Rangi za kawaida za miaka ile ni Bronze Green, Mid Grey, Marine Blue, Poppy Red, Sand, Limestone na Pastel Green. Paa la stesheni wagoni mara nyingi lilikuwa Limestone, ule weupe wenye umanjano kidogo. Kwa hiyo kaka wa Iringa, paa peke yake lisikupe jibu la gari zima.

#10 Mdau wa Mwanza

Mimi naomba nitofautiane kwa heshima. Haya magari ni ya kazi. Babu zetu hawakuyanunua yakae makumbusho. Nina 109 ya Series III, nimefunga injini ya dizeli ya 300Tdi, breki za diski mbele, siti za Kijapani zenye mikanda. Linabeba samaki na watoto wangu. Mnataka nirudishe vinili ngumu na breki za ngoma kwa sababu ya karatasi kutoka Uingereza?

#11 Mleta uzi

Hapana mkuu, wala sijasema hivyo, na mikanda ya watoto usiitoe kamwe. Gari linalofanya kazi lina haki ya kubadilishwa. Ninachoomba ni mambo mawili: lisome kabla hujalibadilisha, na kilichotoka kihifadhi. Injini ya zamani ya cc 2286 ukiiweka kwenye kona ya stoo haikuzuii kuendesha 300Tdi. Mwanao akija kuitaka miaka ishirini ijayo, ataikuta.

Na kama bado unayo hiyo injini, itazame upande wa kushoto, mbele, juu kidogo ya manifoldi ya moshi. Namba imegongwa pale, na kwa petroli hugongwa pia uwiano wa mgandamizo, 7:1 au 8:1. Saba ilifaa nchi zenye petroli hafifu. Namba hiyo hailingani na ya chesisi, wala haikukusudiwa kulingana, kwa hiyo msidanganywe na muuzaji anayesema "namba zinalingana". Kulingana kwake ni kwenye cheti cha Gaydon, ambako namba mbili zimeandikwa pamoja.

#12 Fundi umeme, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Kwa upande wa umeme kuna siri ambayo wengi hawaijui. Vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas vimegongwa tarehe. Dinamo ya C40, stata, distributa, tafuta namba ndogo zilizogongwa kwenye chuma, mara nyingi wiki na mwaka. Ukikuta 14 66, kifaa kimetengenezwa wiki ya 14 ya 1966.

Kifaa kinatangulia gari kwa wiki au miezi kadhaa, hakiwezi kulifuata. Distributa ya 1966 kwenye gari lililoundwa 1967 ni sawa. Stata ya 1974 kwenye gari hilohilo imekuja baadaye. Kifaa kimoja hakithibitishi kitu, kwa sababu watu wamebadilishana sana vipuri. Ila ukipata vitatu vinavyokubaliana, hapo una mwaka wa gari hata kama kadi imepotea.

Naomba tu msipeleke dinamo kusafishwa kwa kupuliza mchanga. Zile namba zina kina kidogo sana.

#13 Mleta uzi

Marahaba fundi. Hii sikutegemea kuipata humu leo, asante sana.

#14 Mdau wa Bujumbura

Wandugu, amani. Gari langu ni usukani kushoto, linaanza na 254, kwa hiyo kufuatana na maelezo yako ni 109 ya kawaida iliyokuja nzima kwa upande wetu. Lina matangi mawili, moja kila upande chini ya siti. Pia lina winchi ya ngoma iliyosimama mbele ya bampa. Boneti imebeba tairi la spea. Vipi kati ya hivi ni vya kiwandani?

#15 Mleta uzi

Karibu ndugu. Matangi mawili yalikuwa kwenye orodha ya nyongeza za 109. Ya kiwandani ina koki ya kubadilisha tangi mbele ya boksi la siti, na mdomo wa kujazia kila upande, umekatwa kwa ukingo safi kwenye bati. Fundi wa mtaani akiongeza tangi, tundu la mdomo huwa na alama za tindo, na koki anaiweka popote mkono ulipofika. Tazama mabomba pia: ya kiwandani yameshikwa na klipu kwenye chesisi, hayaning'inii.

Winchi ya kusimama inaendeshwa na krenki ya injini yenyewe, kwa mbele. Nyingi zilifungwa na mawakala kama seti kamili, kwa hiyo hapa ndipo ile asili ya pili inapoingia. Tazama nati ya mbele ya krenki. Seti halali ina nati maalumu yenye meno ya kushika shafti ya winchi. Kama shafti imechomelewa kwenye puli, hiyo ni kazi ya mtaani, na ni hatari, usiitumie.

Boneti zipo za aina mbili. Ya kawaida ina ukingo wa mbele ulionyooka. Ile ya fahari, iliyozoeleka kwenye stesheni wagoni, ukingo wake wa mbele umekunjwa kwa mviringo kushuka chini. Tupe picha ya ukingo, siyo ya tairi.

#16 Mdau wa Dodoma

Kuna jamaa anauza Series III yenye michirizi ubavuni, anasema ni County na bei ameipandisha mara mbili. Nitajuaje?

#17 Mleta uzi

County, lile toleo la kifahari, ilianza 1982 kwenye stesheni wagoni. Michirizi ni stika, mtu yeyote anazibandika. Angalia siti za kitambaa, vioo vyenye kivuli, na vizuia kelele vya sakafuni. Kama ni gari la 1976 lenye stika, lipia bei ya gari la 1976.

#18 Mdau wa Nakuru

Na ile yenye shoo iliyoletwa mbele ikawa sawa na madigadi, wanaiita Stage One V8? Huku kuna moja ina sura hiyo ila injini ni ya dizeli ndogo.

#19 Mleta uzi

Stage One ilitoka 1979, injini ya V8 ya lita 3.5 iliyopunguzwa nguvu mpaka farasi 91. Shoo ilisogezwa mbele ili injini ipate nafasi. Usiangalie uso, ingia ndani uangalie gia. Series za kawaida zina kirungu cha njano na mkono mwekundu kwa ajili ya magurudumu manne. Stage One inaendesha magurudumu manne muda wote, gia boksi ni ile ya Range Rover, kwa hiyo hakuna kirungu cha njano. Ukikuta cha njano, uso umeazimwa. Usipokikuta, tafuta dalili nyingine za V8, maana huenda injini ndiyo iliyobadilishwa.

#20 Mdau wa Iringa

Nimerudi wakuu. Nimefuata kila kitu, na fundi naye amependezwa, siku hizi ndiye anayeshika tochi.

Tangi liko chini ya siti ya mbele kulia. Kule nyuma hakuna tangi, hakuna hata vishikio vyake.

Mikono ya chesisi ya katikati imechomelewa. Weld yake ni nzuri lakini si sawa na za mbele.

Rangi: nyuma ya paneli ya mita, chini ya kifuniko cha boksi la siti, na nyuma ya bawaba za milango ya mbele ni kijivu, kinang'aa kikipata maji. Milango ya katikati, mlango wa nyuma na ubavu wote wa nyuma ndani kabisa ni kijani kizito. Paa, chini ya tabaka la juu, ni Limestone kama dada wa Tanga alivyosema.

Dinamo imegongwa 1965, distributa 1965. Stata ni ya 1971.

Na jambo moja zaidi. Chini ya zulia la nyuma, kwenye maboksi ya tairi, kuna matundu ya boliti ya benchi, yote ya kiwandani, hakuna la kutoboa.

#21 Dada wa Tanga

Kaka, hicho kijani kizito, kwenye ubavu wa nje chini ya nyeupe kuna tabaka ngapi juu yake? Na kwenye kijivu je?

#22 Mdau wa Iringa

Juu ya kijivu kuna bluu, halafu nyeupe. Juu ya kijani kuna nyeupe tu.

#23 Mleta uzi

Basi gari limejieleza lenyewe.

Chesisi, ukuta wa injini, boksi la siti na milango ya mbele ni vya gari moja: 109 ya kawaida, kijivu, Mid Grey kwa maelezo yako, iliyoundwa Solihull karibu na 1965 au 1966 na kuletwa huku ikiwa kamili. Baadaye ikapakwa bluu. Bodi ya nyuma, milango ya katikati na paa ni vya stesheni wagoni nyingine, ya kijani, na hiyo ni bodi halali ya kiwandani, ndiyo maana matundu ya benchi ni safi. Magari mawili yalikutanishwa baada ya ile bluu, yakapakwa nyeupe pamoja. Yule aliyechomelea mikono ya chesisi alijua anachokifanya, na tangi aliliacha mahali pake kwa sababu hakuwa na la nyuma.

Kwa hiyo huna stesheni wagoni ya kiwandani, na ukiuza usiliuze kwa jina hilo. Lakini usimruhusu mtu akwambie lina vipande feki. Hakuna kipande feki hapo, ukiacha zile weld.

Kabla ya kuamua rangi, ulizia ile familia ya mzee kama wana picha za zamani. Ukipata picha ya gari likiwa na bluu, tazama kama lina milango miwili au mitano. Na omba cheti cha Gaydon, namba ya 252 inakuruhusu. Wakikuthibitishia kijivu, tutajua pia liliuzwa kwa nani.

#24 Mdau wa Iringa

Picha nimeipata jana kwa binti wa mzee. Ni pikapu, bluu, turubai nyuma. Fundi hasugui tena. Naanza na zile weld za mikono, zikaguliwe na mtu wa chesisi, halafu barua ya Gaydon. Nikipata jibu nalileta hapa.